Mji bila Daftari Hupotea bila Habari

Adumi iliingia jijini kwa usiku mmoja. Kuhesabu watu, visima, njia na makaburi yake ni kazi ya miaka, na kazi hiyo huanzia mlangoni pa kila nyumba.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2020 wakazi wa Adumi, upande wa Arua unaoelekea mpaka wa Kongo, walilala wakiwa wanakijiji. Walipoamka asubuhi ya tarehe 1 Julai walikuwa watu wa jiji. Usiku ule haukuleta barabara ya lami, wala taa za njiani, wala mabomba ya maji. Mihogo ilikuwa palepale ilipopandwa, nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi zilisimama kama zilivyosimama jana yake, na akina mama waliinua majerikeni yao wakashika njia ileile ya kisimani. Kilichohama ni mpaka tu, nao ulihamia karatasini.

Siku hiyo Arua ilianza kazi kama jiji pamoja na Gulu, Mbarara, Masaka, Jinja, Mbale na Fort Portal. Eneo la Kaunti ya Ayivu, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa shamba la kuulisha mji, liliingizwa ndani ya jiji, na Adumi ikawa sehemu ya Divisheni ya Ayivu. Manispaa ya Arua ya zamani, yenye divisheni mbili za Arua Hill na River Oli, ilikuwa na watu zaidi ya 60,000 katika sensa ya 2014. Sensa ya 2024 ilikuta watu zaidi ya 300,000 ndani ya mipaka ya jiji jipya. Mtu asiyejua habari ya mpaka angedhani kwamba watu wa Arua wamezaana mara tano kwa miaka kumi. Kumbe walio wengi walikuwapo tangu zamani, isipokuwa walikuwa wakiandikwa katika daftari jingine.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wenye maduka, lakini yafaa zaidi kwa mji unaokua. Mwenye duka asiyeandika huona rafu zake tupu asijue zimeliwa na nani. Mji usioandika nao huona foleni ya kisimani ikirefuka, darasa likijaa, dawa za kituo cha afya zikikwisha kabla ya mwezi kwisha, na usijue sababu wala kiasi cha upungufu.

META MIA MBILI ZA MAMA MMOJA

Ili kuelewa nguvu ya takwimu katika maisha ya nyumbani, yatosha kutazama jerikeni moja la maji. Kwa vipimo vinavyotumiwa na Wizara ya Maji nchini Uganda, mwanakijiji huhesabiwa kuwa amefikiwa na maji safi ikiwa chanzo hakizidi kilometa 1 kutoka kwake. Mkazi wa mji huhesabiwa hivyo pale tu chanzo kinapokuwa ndani ya meta 200. Chukua mfano wa mama anayekaa meta 800 kutoka kisimani. Akihesabiwa kama mwanakijiji, ameandikwa miongoni mwa waliopata maji. Akihesabiwa kama mkazi wa jiji, ameandikwa miongoni mwa waliokosa. Kisima hakikusogea hata hatua moja, na mgongo wa mama huyo unauma vilevile, ila haki yake ya kudai imebadilika.

Lakini haki hiyo hailipwi kwa malalamiko matupu. Mama akifika mbele ya mkutano akasema kwamba kisima kiko mbali, ataambiwa asubiri kama wenzake. Akifika na wenzake wakasema kwamba katika seli yao kuna nyumba 90, kwamba ndani yake hulala watu 540, kwamba wote wanategemea bomba moja la kupampu kwa mkono, na kwamba bomba la namna hiyo hukadiriwa kutosheleza watu 300, hapo mkutano hauna budi kuinua kichwa. Upungufu sasa una jina na una kipimo: watu 240 hawana sehemu yao. Mhandisi anaweza kuuchora, mweka hazina anaweza kuupangia fedha, na diwani anaweza kuulizwa juu yake mwaka ujao.

Hali ni hiyohiyo katika matibabu. Kwa utaratibu wa afya wa Uganda, kituo cha daraja la pili hukusudiwa kuhudumia watu wapatao 5,000, cha daraja la tatu watu 20,000, na cha daraja la nne watu 100,000. Kituo cha Adumi ni cha daraja la nne. Kujua kama kinabeba mzigo kinachouweza au kinachokishinda, hapana njia nyingine ila kujua idadi ya wanaokitegemea, wakiwamo wale wanaovuka mpaka kutoka Kongo kutafuta dawa.

SENSA ILIYOPOTEA NJIANI

West Nile ina sababu zake za kuithamini hesabu, na ina sababu zake za kuiogopa. Nchi hii yenyewe iliwahi kuhamishwa kutoka daftari hadi daftari: ilikuwa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikatiwa chini ya utawala wa Sudan mwaka 1910, kisha ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Kila mtawala alikuja na kalamu yake, na mara nyingi kalamu hiyo ilihesabu vichwa kwa ajili ya kodi.

Uganda huru ilifanya sensa yake ya kwanza mwaka 1969, ikakuta watu milioni 9.5. Sensa iliyofuata ilifanywa Januari 1980, miezi michache tu baada ya vita vya 1979. Kabla ya mwaka huo kwisha vita vilifika West Nile, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Vijiji vilivyokuwa vimehesabiwa Januari vilibaki magofu, na wengi wa wakimbizi hao hawakurudi ila baada ya miaka. Kumbukumbu nyingi za sensa ile zilipotea katika machafuko, hata taifa likabaki na majumlisho machache tu. Kwa hiyo, kuanzia 1969 hadi sensa ya 1991, iliyokuta watu milioni 16.7, nchi ilikwenda karibu miaka ishirini na miwili pasipo hesabu kamili ya watu wake.

Katika kipindi hicho watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, wakazaa, pasipo mpango wa shule au zahanati kujua walipo. Ndiyo maana mzee wa Ayivu aliyeyaona hayo humtazama karani wa sensa kwa macho mawili: jicho moja linamkaribisha, jicho la pili linamwuliza ametumwa na nani.

Tangu hapo hesabu zimefuatana kwa utaratibu: 2002, 2014 na 2024. Sensa ya 2024, iliyowauliza watu walikolala usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, ilikuwa ya kwanza nchini kutumia kompyuta za mkononi badala ya makaratasi, na ilikuta watu milioni 45.9. Jambo hilo lina maana kubwa kwa jiji. Jibu la karatasi lilikuwa likisafiri ndani ya gunia hadi makao makuu na kukaa huko miaka kabla ya kurudi likiwa jedwali. Jibu la kompyuta laweza kufungamanishwa na mahali penyewe lilipotolewa, na hapo idadi ya watu hugeuka kuwa ramani ya watu.

WAGENI WASIO KATIKA DAFTARI

Julai 2016 mapigano yalizuka upya Juba, na watu wa Sudan Kusini wakaingia West Nile kwa wingi usiopata kuonekana. Agosti mwaka huohuo makazi ya Bidibidi yalifunguliwa wilayani Yumbe. Kwa utaratibu wa Uganda, mkimbizi huandikishwa katika makazi maalumu, na msaada humfuata huko. Nje ya Kampala, mkimbizi anayehamia mjini kwa hiari yake kwa kawaida hahesabiwi kama mkimbizi wa mji huo. Lakini maisha hayafuati karatasi. Mama aliyeandikwa katika makazi hupanga chumba Arua au Koboko ili watoto wasome, mgonjwa apate daktari, au biashara ndogo ipate wateja. Anakunywa maji ya mji, anatupa taka za mji, anapanga foleni ya zahanati ya mji, na wakati huohuo jina lake liko kilometa nyingi kutoka hapo.

Ruzuku za serikali kuu hukokotolewa kwa kanuni ambazo ndani yake idadi ya wakazi ina uzito mkubwa. Wakimbizi hao waliingia baada ya sensa ya 2014, kwa hiyo kwa miaka mingi miji hiyo miwili ilipewa sahani iliyopimwa kwa hesabu ya zamani, kisha ikatakiwa kulisha walaji walioongezeka mezani. Mwenyeji hununa akidhani mgeni ndiye amemnyang'anya. Mgeni hununa akidhani mwenyeji ndiye amemnyima. Kumbe wote wawili wameponzwa na hesabu isiyokuwapo.

Mwaka 2018 wachunguzi waliingia katika mitaa ya Arua wanamokaa wenyeji na wakimbizi pamoja, wakauliza juu ya maji, shule, matibabu na kazi. Koboko nayo ilifanya uchunguzi wa namna hiyo. Tangu hapo viongozi wa miji hiyo wamekuwa wakisimama mbele ya serikali na wafadhili wakiwa na takwimu mkononi, wakidai kwamba msaada uwafuate watu walipo na usiishie katika makazi peke yake. Hoja ya namna hiyo ni ngumu kuipuuza kuliko kilio.

Hata hivyo hesabu inayozidi ina madhara kama hesabu inayopungua. Mwaka huohuo wa 2018 serikali ya Uganda na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi zilihakiki upya wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Idadi iliyokuwa ikitangazwa ya watu milioni 1.4 ikashuka hadi takriban milioni 1.1. Huko Nairobi, mtaa wa Kibera ulikuwa ukisemwa duniani kote kwamba una watu milioni moja, lakini sensa ya Kenya ya 2009 ilikuta watu 170,070. Mtaa unaokuza idadi yake ili uonewe huruma hujivunjia heshima siku ya uhakiki, na mahitaji yake ya kweli huanza kutiliwa shaka. Takwimu ni kama shahidi mahakamani: akikamatwa kwa uongo mmoja, ushahidi wake wote huanguka.

ANAYEHESABU AWE NANI?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kuhesabu ni kazi ya wataalamu peke yao. Mwaka 1985 maskini waliolala kando ya njia katika jiji la Bombay, nchini India, walionyesha njia nyingine. Walikuwa wakitishiwa kufukuzwa, na serikali ilikuwa haijui hata wao ni wangapi. Kwa msaada wa chama cha SPARC walihesabiwa nyumba kwa nyumba, wao wenyewe wakishiriki: wametoka wapi, wanafanya kazi gani, wamekaa hapo miaka mingapi. Iligundulika kwamba wengi walikuwa vibarua walioishi hapo miaka mingi, kinyume cha waliyosingiziwa kwamba ni wazururaji wa jana na juzi.

Njia hiyo ilifika Uganda kupitia shirikisho la kitaifa la wakazi wa vitongoji duni. Mpango wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini ulipoanzishwa mwaka 2010, Arua ilikuwa miongoni mwa miji mitano iliyochaguliwa, pamoja na Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara. Wakazi walijiunga katika vikundi vya kuweka akiba, wakafundishwa kuhesabu nyumba, kupima vyoo na visima, na kuchora mitaa yao. Kisha majibu yalisomwa mbele ya wakazi wenyewe ili kosa lisahihishwe kabla ya kufika manispaa.

Hatua hii ya mwisho ndiyo roho ya kazi yote. Jirani anajua kwamba nyumba fulani iliyoandikwa familia moja ina familia tatu. Anajua kwamba kisima kilichochorwa kuwa kizima kimekauka tangu kiangazi. Anajua kwamba njia iliyoonyeshwa kuwa barabara ni mfereji wa mvua. Mgeni mwenye kompyuta nzuri hawezi kuyajua hayo kwa kupita mara moja.

Dar es Salaam imeonyesha jambo hilohilo. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011 kuua watu na kuwatoa wengi majumbani, ilidhihirika kwamba mitaa iliyoathirika haikuwa na ramani za kutosha. Kuanzia 2015, chini ya mpango ulioitwa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu walitembea kata kwa kata pamoja na wakazi, katika sehemu kama Tandale, wakichora nyumba, mifereji na madaraja, na wenyeji wakionyesha mahali maji yanapopita. Ramani hizo ziliachwa wazi kwa kila mtu. Mkazi wa bondeni, ambaye elimu yake ya mafuriko ilikuwa kichwani tu, aliiona elimu hiyo ikiingia katika ramani ya jiji.

RAMANI ILIYOSAIDIA KUSHINDA MALALE

Watu wa Arua, Maracha na Koboko hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba ramani huokoa maisha. Ugonjwa wa malale umewatesa tangu zamani. Dawa ilikuwapo kwa mgonjwa aliyepatikana, lakini mbung'o walibaki kando ya mito wakingoja kumwuma mwingine. Kuanzia mwaka 2011 wataalamu walijaribu vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi uliotiwa dawa, wakavisimamisha kando ya mito, kama ishirini katika kila kilometa. Hawakuvitawanya ovyo. Walitega mitego kwanza, wakahesabu mbung'o walionaswa, wakachora mahali walipo wengi, ndipo wakaweka vitambaa hapo. Idadi ya mbung'o ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina hiyo ya West Nile si tishio tena kwa afya ya umma nchini Uganda.

Mji hauna tofauti. Fedha za kuweka taa, visima na mifereji ni chache daima. Zikitawanywa kwa kumpendeza kila diwani, huyeyuka. Zikipelekwa mahali ambapo hesabu imeonyesha shida kubwa, mtu hupata faida ya kila shilingi.

Kuna mfano wa karibu wa kutafakari. Mpango wa Maendeleo wa Parishi, uliozinduliwa tarehe 26 Februari 2022, uliipangia kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kiasi kilikuwa kilekile kwa parishi yenye watu wachache na kwa kata ya mjini iliyofurika. Lakini mpango huohuo una nguzo ya sita, inayotaka kila parishi iwe na daftari la habari za kaya zake. Parishi itakayoijaza nguzo hiyo kwa uaminifu ndiyo itakayoweza kuonyesha, kwa haki, kwamba shilingi zilezile zinagawanywa kwa vichwa vingi zaidi.

ASKARI NA JIRANI ZAKE

Familia za askari zina sehemu ya pekee katika habari hii. Askari huhamishwa. Leo yuko Arua, kesho Karamoja, kesho kutwa nje ya nchi kulinda amani, na mkewe na watoto wamebaki katika chumba cha kupanga au katika nyumba waliyoanza kuijenga Adumi. Sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Kwa hiyo mume huhesabiwa kambini, na nyumbani huhesabiwa mama na watoto. Hilo si kosa, wala mama asiongeze jina la mumewe kwa kuona haya ya kuonekana peke yake. Mtu mmoja akihesabiwa mara mbili, mji mmoja hupangiwa sehemu isiyo yake.

Lakini daftari la mtaa ni jambo jingine. Mwenyekiti wa LC1 anayejua kwamba nyumba fulani ni ya askari aliye safarini, kwamba ndani yake yumo mama mjamzito, na kwamba jirani wa karibu mwenye pikipiki ni fulani, ana habari iwezayo kuokoa maisha saa nane za usiku. Huo ndio ujirani wa kweli: kujuana kunakotangulia haja.

Askari polisi naye anajua thamani ya kuandika. Wizi tano za mwezi mmoja zikisimuliwa moja moja ni habari tano za kusikitisha. Zikitiwa alama juu ya ramani moja pamoja na saa zilipotokea, huenda zote zikaonekana katika njia moja isiyo na taa, kati ya soko kufungwa na usiku wa manane. Dawa yake yaweza kuwa taa moja na doria moja badala ya msako unaowasumbua mamia wasio na hatia. Vivyo hivyo ajali za boda boda: zikihesabiwa mahali zinapotokea, mara nyingi huonyesha kona moja ambayo mhandisi aweza kuirekebisha.

Tanzania ilijenga desturi ya mabalozi wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960, na Kenya ikaanzisha Nyumba Kumi yake mwaka 2013. Mafunzo ya nchi hizo ni kwamba daftari la majirani hustawi pale linapowahudumia majirani. Likigeuzwa kuwa kitabu cha kuchongeana, watu hufunga midomo, na habari zote, zenye faida na zenye hatari, hukauka pamoja.

HOFU YENYE HAKI

Mzee wa Adumi akiuliza kwa nini nyumba yake inapimwa, hapaswi kujibiwa kwa ukali. Ardhi yake ni ya mila, aliachiwa na babu yake, na makaburi ya wazazi wake yamo ndani ya boma, kama ilivyo desturi ya Walugbara. Amesikia kwamba jiji huja na barabara, viwanja na kodi. Anaogopa kwamba anayemhesabu leo atamfukuza kesho.

Sheria ina majibu kadhaa kwa hofu hiyo. Katiba ya 1995 inasema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wake, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu mwenye ardhi ya mila kupata hati yake. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, mji na shamba, lakini inataka pia rasimu ya mpango iwekwe hadharani ili wananchi waitazame na kutoa maoni. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inamkataza anayekusanya habari kuzitumia kwa jambo jingine lisilokusudiwa.

Lakini sheria haimsaidii asiyekwenda kutazama. Ramani ikibandikwa ofisini na hakuna mtu wa Adumi aliyefika, mstari wa barabara utapita mahali mchoraji alipoona patupu, naye aliona patupu kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba pana kaburi, chemchemi au mti wa mkutano. Ndiyo sababu kuhesabiwa na kuchorwa ni ulinzi pia. Kaburi lililo katika ramani linaweza kutetewa mezani. Kaburi lisilo katika ramani hutetewa mbele ya tingatinga, wakati ambapo maneno yamechelewa.

DAFTARI LA SELI

Kazi hii haihitaji kungoja mradi mkubwa. Daftari la shule la kurasa mia moja, kalamu, na watu watatu wanaoaminiwa, akiwamo mama mmoja na kijana mmoja anayejua kutumia simu, watosha kuanza. Mambo ya kuandika si mengi:

(a) Nyumba ngapi zimo katika seli, na watu wangapi hulala katika kila moja. Watoto walio chini ya miaka mitano, wanafunzi na wazee waandikwe mbalimbali.

(b) Vyanzo vya maji: kila kimoja kina hali gani, hufunguliwa saa ngapi, na ni hatua ngapi kutoka nyumba iliyo mbali zaidi. Mtu mzima akipima kamba ya meta 10 na kuhesabu hatua zake juu yake, ataweza kuzigeuza hatua kuwa meta.

(c) Vyoo, mashimo ya taka, na mahali maji ya mvua yanaposimama.

(d) Njia ambazo gari la wagonjwa haliwezi kupita, na madaraja yanayozama wakati wa masika.

(e) Makaburi, chemchemi, miti ya mikutano, nyumba za ibada na viwanja vya watoto, ili mpangaji wa jiji asiseme kwamba hakujua.

Majina ya watu na habari za afya zao yasiandikwe katika nakala itakayopelekwa ofisini. Yatosha kuandika nambari ya nyumba na idadi. Mapato ya mtu, kabila lake na chama chake havihusiani na kisima. Wakimbizi wanaopanga ndani ya seli wahesabiwe kama wengine, maana maji wanayokunywa yanatoka katika bomba lilelile.

Daftari likiisha kujazwa, lisomwe mbele ya mkutano wa seli, Jumapili baada ya ibada au siku nyingine inayowafaa wote, na kila mtu apewe nafasi ya kusahihisha. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti, moja ipelekwe katika divisheni, na moja ihifadhiwe na mama mwenye nyumba anayeaminika, pamoja na vyeti vya watoto. Kumbukumbu nyingi za sensa moja ya taifa zilikwisha kupotea katika machafuko. Daftari la seli lisipotee kwa njia hiyohiyo. Liandikwe upya kila mwaka baada ya mavuno, kwani mtaa hukua kama mtoto, na nguo ya mwaka jana humbana mwaka huu.

Kila asubuhi mama wa Adumi huinua jerikeni lake, akahesabu hatua zake bila kujua kwamba anahesabu. Hatua hizo ni takwimu. Zikibaki miguuni mwake, zitaendelea kuwa uchovu tu. Siku zitakapoandikwa, zikajumlishwa na hatua za jirani zake, zikachorwa na kusomwa mbele ya wote, zitakuwa hoja ambayo jiji halina budi kuijibu. Mpaka ulifika Adumi kwa usiku mmoja bila kupiga hodi. Maji, taa na barabara vitafika kwa wale walioandika kwamba wapo, wako wangapi, na wanakaa wapi.